Jinsi ya Kuwapokea Wanawake Wanaoanza Soka Katika Timu ya Mtaa

Soka la wanawake nchini Tanzania limejipatia sifa katika miaka ya karibuni. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, mwaka huohuo Simba Queens wakamaliza katika nafasi ya nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake iliyochezwa Morocco, na mwezi Julai 2025 Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wakarudi katika fainali za Afrika, ambazo hawakuwa wamezicheza tangu zile za Afrika Kusini mwaka 2010. Mafanikio hayo yamewafanya makocha wengi wa mitaani waangalie uwanja kwa jicho la kutafuta vipaji: nani ana kasi, nani ana umbo, nani anaweza kupelekwa kwenye majaribio ya timu kubwa.

Mwongozo huu unamhusu mwanamke ambaye jicho hilo humruka. Ni muuza mboga mwenye miaka 34, ni mwanafunzi wa chuo aliyemaliza sekondari bila kugusa mpira, ni mama wa watoto watatu aliyeshauriwa afanye mazoezi na akaona kukimbia barabarani peke yake kunachosha roho. Hatafuti nafasi ya timu ya taifa, anataka kucheza. Timu nyingi za mchangani humpoteza ndani ya majuma mawili au matatu ya mwanzo, na sababu huwa si woga wake wala mila za nyumbani kwake, kama viongozi wa timu wanavyopenda kujitetea. Mara nyingi ni kwamba alikuja, akasimama pembeni, akaugusa mpira mara nne kwa saa nzima, akachekwa, akarudi nyumbani. Kumpokea mtu wa namna hii ni kazi ya mpangilio zaidi kuliko kazi ya hamasa, na mpangilio huo huanza kabla yeye hajafika.

Uwanja na saa

Anza na uwanja, kwa sababu bila uwanja wenye saa maalumu mambo mengine yote yatavunjika. Viwanja vingi vya mitaa yetu ni vya shule za msingi, au ni maeneo ya wazi yanayosimamiwa na serikali ya mtaa, na kuanzia saa 10 jioni huwa mikononi mwa vijana wa kiume waliovizoea kiasi cha kuviona ni mali yao. Wanawake wakifika bila makubaliano huambiwa wasubiri vijana wamalize, na vijana humaliza giza likiingia. Mwone mwalimu mkuu au mwenyekiti wa mtaa, taja siku na saa mnazoomba, na uombe ratiba iandikwe, ipigwe mhuri na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kabla haijabandikwa, waone viongozi wa timu za vijana uwaeleze wewe mwenyewe, maana mtu aliyeisoma habari hiyo ukutani atabishana nayo, ilhali aliyeshirikishwa mapema ndiye atakayewaondoa wenzake uwanjani saa yenu ikifika.

Katika kuchagua saa, usifuate mazoea ya timu za wanaume. Jioni ndiyo saa ya sokoni, ya jikoni, ya watoto kurudi shuleni na, kwa mama lishe na wauza vitafunwa, ndiyo saa ya kuingiza pesa. Jijini Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo mazoezi yanayoanza saa 11 na nusu huwaachia wanawake kurudi nyumbani gizani, jambo ambalo wengi hawatalalamikia. Wataacha tu kuja. Jumamosi au Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, kwa muda wa saa moja na robo, hufaa watu wengi kuliko tunavyodhani, ingawa timu yenye waumini wengi wa kanisani itaikwepa Jumapili, na timu ya Tanga au Zanzibar italazimika kupanga upya ratiba mwezi wa Ramadhani unapoingia. Waulize wenyewe kabla hujaamua. Waulize pia kuhusu watoto: kama kuna mkeka chini ya mwembe na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia, akina mama ambao wasingeweza kufika watafika.

Jambo jingine la kukagua mapema ni choo. Uwanja usio na choo chenye mlango unaofungika na maji karibu haumfai mwanamke, hata kama nyasi zake ni nzuri. Zungumza na shule au nyumba ya jirani, na uweke pedi chache ndani ya sanduku la huduma ya kwanza bila kulifanyia jambo hilo hotuba.

Kuwaita

Tangazo la timu mara nyingi huandikwa na mtu anayejua mpira kwa ajili ya watu wanaojua mpira. Likisema timu inatafuta wachezaji wa kike, mwanamke ambaye hajawahi kucheza atalisoma na kulipita, akiamini kuwa halimwiti yeye. Sema waziwazi: mazoezi ya mpira wa miguu kwa wanawake ambao hawajawahi kucheza, umri wowote kuanzia miaka 18, siku fulani, saa fulani, mahali fulani, njoo na raba na chupa ya maji, hakuna kiingilio. Weka namba ya simu ya mwanamke. Wengi watataka kuuliza swali moja dogo kabla ya kuja, kwa kawaida kuhusu mavazi au umri, na hawatampigia kocha wa kiume wasiyemjua.

Tangazo hilo lifikishwe pale wanawake walipo: kwenye mikutano ya vikoba, kwenye kwaya, kwa akina mama wa genge na saluni, kwa walimu wa shule ileile mnayotumia uwanja wake. Mwanamke huja kwa urahisi zaidi akija na mwenzake, kwa hiyo usiwaalike mmoja mmoja. Mwambie kila aliyekubali aje na jirani au wifi yake. Kuhusu waume, nina msimamo ambao baadhi ya makocha hawaupendi: si kazi ya timu kwenda kumwombea ruhusa mtu mzima. Yeye anaijua nyumba yake, na akitaka msaada wa kuzungumza ataomba. Wasichana walio chini ya miaka 18 ni jambo tofauti kabisa; hao wawe na kundi lao, na mzazi au mlezi atoe idhini kwa maandishi.

Wengi watakaokuja si wageni wa michezo. Wanawake wengi wa Tanzania walicheza netiboli shuleni, na karibu wote walicheza rede mtaani, wakikwepa mpira wa makaratasi au wa soksi huku wenzao wawili wakirusha kutoka pande mbili. Hiyo ni hazina. Aliyecheza netiboli tayari anajua kujitenga na mlinzi wake ili apokee pasi, anajua kutazama juu kabla ya kutoa, na mikono yake inaweza kumfanya kipa hodari. Anachopungukiwa ni miguu iliyozoea mpira, na mazoea mawili ya kuacha: kusimama wima mara apatapo mpira, na kunyoosha mikono kila mpira unapomjia hewani. Kocha anayemcheka kwa kudaka mpira katikati ya uwanja amekosa kuona kwamba mwili huo umefundishwa vizuri, ila kwa mchezo mwingine.

Siku ya kwanza

Fika mapema uokote vipande vya chupa, mawe na miiba, ufukie mashimo unayoweza kuyafukia. Panga mtu wa kuwapokea wageni, asiyefundisha siku hiyo, ambaye kazi yake ni kumsalimia kila anayefika, kumwonyesha choo na pa kuweka mkoba, na kumkabidhi kwa mwenyeji mmoja atakayekuwa naye hadi mwisho. Mwenyeji huyo asiwe mchezaji bora wa timu. Anayefaa zaidi ni aliyeanza miezi michache iliyopita na bado anakumbuka jinsi mguu wake ulivyokuwa mzito.

Salamu na majina vina uzito wake hapa. Kocha mwenye miaka 24 atampa shikamoo mama wa miaka 45 anapofika, na dakika kumi baadaye atakuwa anamwelekeza akimbie huku na huku. Hilo halina tatizo ikiwa heshima ilitangulia na sauti haikugeuka. Muulize kila mmoja angependa aitwe nani uwanjani, kwa sababu Mama Zawadi ni jina la heshima barazani lakini ni refu mno kuliita wakati mpira uko njiani, na wapo wanaofurahi kuitwa kwa majina yao wenyewe baada ya miaka mingi ya kuitwa kwa majina ya watoto.

Usianze na kukimbia kuzunguka uwanja. Zoezi hilo huwapanga watu kwa mstari kuanzia mwenye pumzi hadi asiye nazo, mbele ya macho ya wote, kabla hata mpira haujatolewa kwenye mfuko. Anza na rede. Kila mtu anaijua, inapasha mwili, inaleta kicheko ambacho hakimlengi mtu mmoja, na kwa dakika kumi wageni na wenyeji wanakuwa sawa. Baada ya hapo igeuze kidogo: mpira wa miguu ushuke chini, wa pembeni wapitishiane kwa mguu, wa katikati ajitahidi kuunasa.

Kisha gawa watu wawili wawili au watatu watatu, kila kundi na mpira wake. Watu kumi na wawili wanahitaji angalau mipira minne, na kama haipo, tafuta mipira kabla ya kutafuta jezi, maana foleni ya watu kumi wakisubiri zamu ya kupiga mpira mmoja ndiyo inayowafukuza wageni kuliko kitu kingine chochote. Mpira wa watu wazima, namba 5, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Namba 4 ni mwepesi na mdogo kidogo, na kwa majuma ya mwanzo hauumizi mguu sana. Hata namba 5 unafaa ukijazwa upepo kwa kiasi. Sheria inaruhusu shinikizo la kuanzia 0.6 hadi 1.1 kwa kipimo cha angahewa, ilhali mipira mingi ya mitaani hujazwa hadi ikawa kama jiwe, na mtu aliyeupokea mpira wa jiwe kwenye kifundo cha mguu siku ya kwanza ataukwepa wa pili.

Kuufundisha mguu

Wanaoanza karibu wote hupiga kwa ncha ya kidole gumba, kwa sababu ndiyo sehemu ya mguu inayofika mbele kwanza. Mpira huenda usikotarajiwa na kidole kinauma. Somo la kwanza basi liwe moja tu: pasi fupi ya upande wa ndani wa mguu. Wasimame hatua tano kutoka kwa wenzao. Mguu usiopiga ukanyage kando ya mpira, kiasi cha kiganja kimoja, vidole vyake vikimwelekea mwenzake. Goti likunjwe kidogo. Mguu unaopiga ugeuzwe nje hadi ule upande wa ndani, kati ya kisigino na kidole gumba, uutazame mpira, na kifundo kikazwe. Hapo ndipo wengi hukosea: kifundo kikilegea, mguu huyumba na mpira hufa njiani. Mwambie avute vidole juu ndani ya kiatu, na kifundo kitajikaza chenyewe. Apige katikati ya mpira, na mguu uendelee mbele baada ya kugusa badala ya kukatishwa.

Kupokea kufundishwe siku hiyohiyo, kwa namna iliyo rahisi zaidi, yaani kuukanyaga mpira kwa unyayo, kisigino kikiwa chini ya kiwango cha vidole ili mpira ubanwe kama kwenye kona. Kutuliza kwa upande wa ndani, kukokota na kugeuka na mpira ni masomo ya siku zijazo. Kupiga kichwa hakuna haraka kabisa.

Toa agizo moja kwa wakati mmoja. Kocha anayepaza sauti kuhusu goti, jicho, mkono na mguu katika pumzi moja hafundishi, anaonyesha kwamba anajua. Mtazame mtu akipiga mara tatu, mwendee, mwambie jambo moja kwa sauti ya kumtosha yeye, kisha ondoka umwache ajaribu bila kutazamwa. Unapotaka kuonyesha kwa mfano, mtumie mwenyeji wa kawaida, si yule fundi wa danadana ambaye mguu wake unamwambia mgeni kwamba yeye hatafika huko. Na usitumie lugha ya kuwataka wacheze kama wanaume, wala ile ya kuwaita warembo kila pasi ikifika. Zote mbili humtoa mtu kwenye mpira na kumrudisha kwenye jinsi yake.

Robo ya mwisho ya mazoezi iwe mchezo wenyewe, siku ya kwanza ileile. Wanne kwa wanne, kiwanja cha hatua kama 25 kwa 15, magoli madogo ya matofali au ya chupa zilizojazwa mchanga, bila kipa, bila sheria ya kuotea, na mpira uliotoka urudishwe kwa mguu. Katika mchezo wa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja mgeni hupelekwa pembeni kabisa mwa uwanja au huwekwa golini kwa kuwa hajui, na golini ndiko kosa moja huonekana na kila mtu. Wanne kwa wanne hakuna pa kumficha wala pa kumdhalilisha.

Watazamaji ni suala linalohitaji mtu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda watakusanyika, na maneno yatatupwa. Fanyia mazoezi upande wa uwanja ulio mbali na barabara, na umwombe mtu anayeheshimika mtaani, mwanamume au mwanamke, asimame mstarini katika majuma ya mwanzo. Kiongozi wa kijiwe akiombwa kwa adabu mara nyingi hulimaliza mwenyewe. Upigaji picha ukatazwe mpaka mhusika akubali, na hilo liwabane pia viongozi wa timu wenye hamu ya kujaza kundi la WhatsApp. Yupo mwanamke ambaye ndugu zake hawajajua anacheza, na ni haki yake kuchagua siku ya kuwaambia.

Mwili, mavazi na usalama

Wanawake huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika mchezo huu, na jeraha hilo kwa kawaida hutokea bila kugongwa, mtu anapogeuka ghafla au kutua vibaya. Programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+, inayochukua kama dakika 20 na isiyohitaji kifaa chochote isipokuwa mpira, ilitengenezwa ili kupunguza majeraha ya aina hiyo, na ina ngazi za kuanzia zinazomfaa anayeanza. Hata mkichukua sehemu yake tu, wafundisheni kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yasiyoelekeana ndani. Aliyejifungua karibuni, mjamzito, au mwenye shinikizo la damu aongee kwanza na mtaalamu wa afya. Uliza mambo hayo faraghani, si kwa kunyosha mikono.

Kuhusu viatu kuna kanuni moja ambayo haina mjadala: siku ya wageni, wote wavae raba au wote wacheze pekupeku. Njumu dhidi ya mguu mtupu ni jeraha linalosubiri saa yake. Vilinda ugoko vikiwepo vivaliwe na wote katika mechi. Sidiria ya michezo ni kifaa cha mpira sawa na kiatu, na kiongozi wa kike aseme hivyo mapema, pamoja na mahali zinapopatikana kwa bei nafuu. Anayevaa hijabu au anayetaka suruali ndefu chini ya bukta asisubiri kuuliza kama anaruhusiwa. Bodi inayotunga sheria za mchezo iliruhusu rasmi vifuniko vya kichwa mwezi Machi 2014, kwa masharti kwamba kifuniko kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kisishonwe kwenye jezi, na kisimhatarishe mtu, kwa hiyo pini zibaki nyumbani.

Usalama haupo kwenye goti peke yake. Kocha asiwe peke yake na mchezaji mahali pa faragha, ujumbe wa timu upitie kundi la timu, anayemgusa mchezaji ili kurekebisha mkao aombe kwanza, na wote wajue kwa jina mwanamke mmoja wa kumweleza jambo lisilofaa. Kiongozi akichukizwa na kanuni hizi, timu imejua jambo la maana kumhusu.

Baada ya siku ya kwanza

Mazoezi ya pili ndiyo mtihani. Mwenyeji ampigie mgeni simu siku mbili baada ya yale ya kwanza, aulize miguu inaumaje, amwambie maumivu ya mapaja ni ya kawaida na yatapungua. Asiyefika mara mbili atafutwe bila kuulizwa kwa nini hakuja. Timu nyingi hutoza faini kwa wachelewaji, na kwa timu ya ligi huenda ni sawa, lakini mwanamke aliyechelewa kwa sababu maji yalitoka bombani saa 12 asubuhi baada ya siku tatu hatalipa faini hiyo, atabaki nyumbani. Mchango wa timu uanze baada ya mwezi, uwe mdogo, na hesabu zake zisomwe mbele ya wote kama kwenye kikoba. Jezi zisubiri.

Mechi ya kwanza isiwe ndondo wala mashindano yenye kombe. Tafuta timu nyingine ya wanaoanza, mkubaliane wachezaji saba kwa saba, vipindi vya dakika 15, mabadiliko yasiyo na kikomo, na kila mtu acheze angalau nusu ya muda, hata timu ikiwa nyuma kwa mabao matatu. Hapa ndipo makocha wengi hushindwa, kwa kuwa kufungwa kunauma na mchezaji mzuri amekaa benchi. Yaandikeni makubaliano hayo kabla ya filimbi ili yasitegemee moyo wa mtu siku hiyo.

Baada ya miezi kadhaa kundi litagawanyika lenyewe: wapo watakaotaka ligi na wapo watakaotaka Jumamosi yao tu. Wape wote nafasi, na usilifanye kundi la pili kuwa benchi la la kwanza. Wapo pia watakaopenda kazi nyingine za uwanjani. Huko Kilifi, nchini Kenya, shirika la Moving the Goalposts, lililoanzishwa mwaka 2001, limewafunza wasichana ukocha, uamuzi na huduma ya kwanza ili waendeshe michezo yao wenyewe, na katika Tanzania jina la mwamuzi wa kimataifa Jonesia Rukyaa linatosha kumwonyesha mgeni kwamba filimbi nayo ina njia yake. Kwa hiyo siku ya mchezo wa wanne kwa wanne, mpe filimbi anayepumzika. Tenga pia Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kwa ajili ya wapya, mkirudia rede na pasi ya hatua tano tangu mwanzo, na wale waliopokelewa mwezi uliopita wawe ndio wenyeji.